Kosa linalorudiwa mara kumi: gemu za kujifunzia katika shule za Arusha na Moshi

Kikao cha wazazi kikifika kwenye mchango wa chumba cha kompyuta, iwe Ngarenaro au Pasua, hoja inayopigiwa makofi ni ileile: mtoto ameletwa shule kusoma, gemu atazikuta kwenye simu nyumbani. Anayetetea kompyuta husimama, akasema dunia imebadilika na watoto wasiachwe nyuma, kisha akakaa. Kwa utetezi mwepesi namna hiyo, anastahili kushindwa.

Wanaokataa wana ushahidi. Peru iligawa kompyuta mpakato ndogo za mpango wa One Laptop per Child katika shule za vijijini. Tathmini iliyotoka mwaka 2012, iliyohusu shule za msingi 319 baada ya miezi 15, ilikuta idadi ya kompyuta imepanda kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi. Alama za hesabu na lugha hazikuonyesha mabadiliko. Hapa kwetu vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na hakuna anayedai kwamba kuwa na kishikwambi kumemfundisha mtoto kutoa kwa kukopa. Zaidi ya hayo, gemu nyingi huona jibu la mwisho tu. Hatua alizopita mtoto hazionekani, wakati mtihani wa darasa la nne unamtaka aandike kwa mkono wake.

Yote hayo ni kweli. Lakini yanajibu swali la ununuzi wa vifaa. Swali la gemu yenyewe, inafanya nini mtoto anapokosea, halijaguswa, na faida yote iko hapo.

Chukua darasa la tatu lenye watoto 60. Mwalimu ameandika ubaoni maswali kumi ya kutoa. Hayo ni majibu 600. Akitumia dakika moja kwa kila daftari, ni saa nzima ya kusahihisha, na bado ana darasa jingine. Madaftari yanarudi kesho, pengine keshokutwa. Sasa mtazame mtoto aliyepewa 52 − 27 akaandika 35. Hakubahatisha. Ana kanuni yake: katika kila safu, toa namba ndogo kwenye kubwa, kwa hiyo 7 ondoa 2 inabaki 5. Swali la pili ameitumia tena, la tatu tena, hadi la kumi. Daftari likirudi na mikasi kumi myekundu, yaani alama za X, kosa limeshafanyiwa mazoezi mara kumi na limekaa. Wala mkasi haumwambii amekosea wapi.

Gemu nzuri humsimamisha kwenye swali la kwanza, kabla mkono haujazoea. Na humsimamisha bila darasa kucheka. Kwa mtoto anayeogopa kuitwa ubaoni, jambo hilo si dogo hata kidogo, na sioni njia nyingine ya kuwapa watoto 60 kitu hicho kwa wakati mmoja. Mwalimu hodari hawezi. Si uzembe wake, ni hesabu ya saa na vichwa.

Nimesema gemu nzuri, maana mbaya ni nyingi. Kipimo changu cha kwanza ni kubahatisha. Maswali kumi ya kuchagua jibu moja kati ya manne humpa asiyejua kitu majibu mawili au matatu sahihi kwa wastani. Gemu inayoruhusu kubofya mpaka upate, kisha ikatoa nyota, inafundisha kubofya: mibofyo minne na nyota ni yako. Mtoto wa miaka minane hugundua hilo upesi kuliko aliyeinunua. Dawa ni mbili. Ama jibu liandikwe kwa tarakimu, ama mtoto adaiwe majibu sahihi mfululizo. Matano mfululizo kwa kubahatisha kati ya manne hutokea mara 1 katika 1,024. Kolibri, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti ikishawekwa, ina mazoezi mengi yanayodai mfululizo wa aina hiyo. Mzazi anayepakua gemu ya bure kwenye simu aanze kwa kukosea makusudi mara nne na kutazama inamfanya nini. Kama baada ya kosa linakuja tangazo, aifute.

Kipimo cha pili ni lugha. Zipo programu zilizotafsiriwa maneno bila kutafsiri ufundishaji. Zinamwambia mtoto wa Kiboroloni kwamba T ni ya tufaha, ilhali yeye tunda hilo analijua kwa jina la epo. Zinamfundisha herufi mojamoja kwa muda mrefu kwa sababu kwenye Kiingereza herufi moja ina sauti nyingi, wakati Kiswahili kinasomeka kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu, na baada ya wiki chache mtoto anasoma baba na bibi. Kwenye hesabu pia: Kiingereza kina majina ya peke yake kwa 11 na 12, ila kumi na moja imejieleza yenyewe kwamba ni kumi, na moja juu. Mtoto wetu hukwama mbele zaidi, kwenye ishirini na thelathini. Kwa mtoto wa Monduli aliyeingia darasa la kwanza na Kimaasai cha nyumbani, sauti safi ya Kiswahili anayoweza kuirudisha mara ishirini bila mtu kumchoka ina thamani kubwa kuliko picha zote.

Ndiyo maana majaribio ya Tanga yasisahaulike. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi, vikiwa na programu tano tofauti za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Asilimia 74 walitajwa kuwa hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, muda uleule wa Peru, wasioweza kusoma neno walipungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi waligawana timu mbili zilizotengeneza programu hizo, onebillion na Kitkit School.

Nusu hiyo inasomwa vibaya pande zote mbili. Shabiki anaona waliovuka na kusema mwalimu hahitajiki. Mpinzani anaona waliobaki na kusema imeshindikana. Mimi naitazama kwa kuuliza walikuwa na nini kingine: wengi wao shule hawakuijua. Kishikwambi kilibeba mzigo wote peke yake na bado nusu wakavuka. Kweli, anayeanzia sifuri ana nafasi kubwa ya kupanda, kwa hiyo darasa letu lenye mwalimu lisitegemee mruko uleule. Ila tofauti na Peru iko wazi. Kule vilipelekwa vifaa vyenye vitu vingi vya jumla. Tanga ilipelekwa kazi moja, kwa lugha ya mtoto.

Kwa shule yenye kompyuta 15 na watoto 60, mpangilio unaowezekana ni huu. Nusu ya darasa inabaki na mwalimu, nusu inakaa wawiliwawili kwenye mashine, wanabadilishana baada ya dakika 20. Asiyeshika kipanya ndiye anayetamka jibu, mwenzake anaandika, na kila baada ya maswali matano wanabadilishana. Bila kanuni hiyo mmoja atashika kipanya hadi kengele. Masomo ya Kolibri yapakuliwe mara moja kwenye kompyuta moja, kisha zilizobaki zichukue kwa flashi au mtandao wa ndani, bando lisiishe. Akaunti za watoto ziwekwe bila nenosiri, maana darasa la pili watapoteza robo ya kipindi wakitafuta herufi. Ila kila mtoto awe na yake, na jozi ziingie kwa zamu. Wote wakiingia kwa jina moja, ripoti ya Kolibri kwa mwalimu inaonyesha mwanafunzi mmoja hodari ambaye hayupo.

Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana ambayo shule huweza kuitumia kama seva ya kuzigawia nyingine masomo, inaweza kuharibika, hivyo iwekewe betri ya akiba na izimwe kwa amri, isichomolewe. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Isipopata intaneti, tarehe za ripoti hubaki nyuma, na mwalimu atadhani watoto hawajafanya kitu tangu mwezi uliopita.

Nusu saa ya Ijumaa itengwe kwenye ratiba kwa mwalimu kusoma ripoti hiyo, iandikwe kama kipindi. Waliokwama kwenye kutoa kwa kukopa atawaona kwa majina, pengine ni tisa. Jumatatu awakalishe hao tisa mbele, awape maswali matano kwa kalamu kwenye daftari, na asimame karibu wakiandika swali la kwanza.