Tuache kusingizia milima

Huku kwetu Mbeya mgonjwa akichelewa hospitali tunasingizia milima. Oo barabara inateleza, oo ukungu, oo usafiri hamna. Mi naona milima tuiache, muda mwingi tunaupotezea sebuleni.

Mama mkubwa miaka ya nyuma aliamka mdomo umeenda upande, maneno hayaeleweki, mkono wa kulia umelegea. Kikakaliwa kikao. Huyu anasema upepo mbaya, yule anataka aitwe mtu wa maombi, shangazi akaleta uji eti ni njaa tu, uji ukampalia nusura tumpoteze hapo hapo (ndo maana siku hizi nikisikia kiharusi nauliza kwanza mmempa nini mdomoni, kumeza kunakuwaga shida). Hospitali tumefika kesho yake. Mpaka leo ule mkono haushiki kikombe.

Sasa mwaka jana ikawa zamu ya baba mdogo, kule Isyonje. Anakunywa chai awahi kuchimba viazi, chai inamtoka pembeni ya mdomo na mwenyewe hana habari. Binti yake wa form three akamwambia baba hebu cheka, akacheka upande mmoja. Inua mikono yote, mmoja ukashuka. Binti hakusubiri wazee, kaandika kwa peni kiganjani 1:10 asubuhi, kakimbia barabarani, kasimamisha fuso ya viazi inayoshuka Uyole.

Hiyo saa ya kiganjani ndo daktari aliuliza kabla hata ya jina la mgonjwa. Maana viharusi vingi ni damu imeganda ikaziba mshipa wa kichwani, na dawa ya kuyeyusha hilo bonge, kwa hospitali zilizonayo, inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze (ni urefu wa muda jamani, siyo saa nne na nusu asubuhi, kuna mtu nilibishana naye hadi jioni). Halafu lazima apigwe CT scan (picha ya ndani ya kichwa) kwanza, kwa sababu kuna kiharusi kingine mshipa umepasuka, huyo ukimpa dawa ya kuyeyusha damu unammaliza. Kwa hiyo na nyie wa "mpe aspirini kwanza", tulieni, kwa macho hamuwezi kujua ni kipi.

Baba mdogo sasa anatembea na fimbo, na vidonge vya presha anameza, vile alivyoviacha zamani eti anajisikia mzima.

Februari nikampandisha Kitulo. Bustani ya Mungu, hifadhi ya maua tangu 2005, ipo pua na mdomo na kwake, na hakuwahi kwenda kuangalia tu. Uzuri tumewaachia wazungu wenye kamera, sisi tukipita pale tunawaza viazi na pareto. Tena yeye ujanani alikuwa mchimba chikanda, vile viazi vya ua la okidi vinavyovushwa Zambia kwenda kuliwa, kwa hiyo ua kwake lilikuwa alama ya pa kupiga jembe, basi.

Baridi inakata, maua yametanda mpaka macho yanachoka. Akanipa fimbo nimshikie, akainama taratibu, akalishika moja kwa mkono ule ule uliokuwa umelala. Kalichungulia weee.

"Kumbe lina madoadoa ndani," akasema.

Mi nikabaki nimeshika fimbo.