Kilwa ya shaba

Mara ya mwisho kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa biashara kusini mwa pwani ya Tanzania, nahodha wa mashua alikosa chenji. Nilimpa noti ya elfu kumi, akapapasa mifuko yote, akamuuliza mwenzake, mwisho akaniambia, "Tutaonana jioni, kaka." Jioni akanilipa kwa sarafu za mia mbili mbili, nyingi hata mfuko wa suruali ukaning'inia. Nikacheka peke yangu, maana mchana kutwa sikuwaza kingine ila chenji.

Ikitajwa Kilwa, watu hukimbilia dhahabu. Siwalaumu. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini iliyo Msumbiji ya leo, ndiyo iliyoutajirisha mji, na kazi kubwa ilifanywa na upepo. Chombo kilichotoka Ghuba au Gujarat kilishuka na kaskazi, kikauza nguo, shanga na vyombo vya kauri, kikapakia pembe na dhahabu, kikangoja kusi kurudi kwao. Anayetaka kuendelea hadi Sofala alijua msimu ungeweza kumwishia hukohuko, akalala mwaka mzima ugenini. Kilwa ilikaa pale ambapo upepo unamwambia mgeni basi, ishia hapa. Dhahabu ikaletwa hadi mlangoni pake, na sultani akachukua chake.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpachika jina la Abu al-Mawahib kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Anasimulia jinsi fakiri wa Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa, akapewa, kisha akaongezewa watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tukikisoma kisa hiki huwa tunausifu ukarimu na kuwaruka wale kumi. Msafiri huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kuteka. Neema ya Kilwa haikuletwa na pepo peke yake.

Jina la sultani huyo ndilo linalohusishwa na Husuni Kubwa: vyumba zaidi ya mia, bwawa la kuogea la pembe nane, vyote juu ya jabali linaloitazama bahari. Jumba halikumalizika. Kila nikisimama pale napendezwa, lakini sisisimki. Lilikuwa jumba la bwana mkubwa na wageni wake.

Kinachonisisimua mimi ni kisarafu cha shaba. Niliwahi kukishika kimoja kwa dakika mbili hivi: chembamba, cha ukubwa wa kifungo cha koti, kimeota kutu ya kijani, na herufi za Kiarabu unazisikia kwa ncha ya kidole kabla jicho halijaziona. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu hizi kwa maelfu. Za shaba hazina mwaka. Zina vina! Upande mmoja jina, Ali bin al-Hasan. Upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yakiishia "al-minan". Hasan, minan. Watu wa pwani, hata pesa yao lazima iimbike.

Sasa fikiri. Dhahabu haihitaji dola, yaani utawala, nyuma yake. Ipeleke Aden ya Yemen, ipeleke Cambay ya India, watu wataipima na kuipokea. Shaba ya Kilwa ukifika nayo Aden watakutazama tu. Thamani yake ilikuwa hapa, Kilwa, kisiwa jirani cha Songo Mnara, Mafia na kwingine karibu, kwa sababu muuza samaki aliamini kwamba na muuza mtama ataipokea. Al-Hasan bin Sulaiman alipiga za dhahabu pia, lakini zilizobaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Za shaba zimetapakaa ardhini. Kwangu mimi, dola ya Kilwa iko kwenye imani ile ya sokoni kuliko kwenye kuta za Husuni, na ndiyo maana ubishi wetu wa kila siku kuhusu nani "aliijenga" Kilwa, wageni au wenyeji, unanichosha. Masimulizi ya kale yanasema Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mwenye kuamini na aamini. Ila pesa isiyopokelewa ng'ambo haikupigwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo.

Huko Songo Mnara sarafu zimekutwa mpaka makaburini, zimeachwa pamoja na vijiwe vyeupe. Yaani kitu cha kununulia dagaa kilifaa pia kumwekea marehemu. Sijui mji mwingine wa pwani ile uliokipenda kitu kidogo namna hiyo.

Halafu iko moja iliyokutwa Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe huko bara, mamia ya kilomita kutoka pwani, yenye jina la yuleyule al-Hasan bin Sulaiman. Kule ng'ombe na dhahabu ndivyo vilivyokuwa mali. Kile kishaba kisingenunua hata kibuyu cha maziwa. Mtu alikipandisha kutoka Sofala, siku baada ya siku kwa miguu. Nahisi alikisahau tu mfukoni, kama mimi na zile mia mbili mbili zangu, ambazo mbili kati yake nilizikuta kwenye begi baada ya wiki tatu.