Stoo ya Gabriele Münter

Habari nyingi za Gabriele Münter humtaja kwa mgongo wa Wassily Kandinsky, mchoraji maarufu kutoka Urusi: mwanafunzi wake, mchumba wake, mwanamke aliyeachwa. Inaniuma. Huyu mama alikuwa mchoraji, na hata wema wake mkubwa kwa sanaa ya kisasa ulitoka kwenye jicho la mchoraji.

Alizaliwa Berlin mwaka 1877. Zama hizo Chuo cha Sanaa cha Munich hakikupokea wanawake, hivyo mwaka 1902 akajiunga na Phalanx, shule ya binafsi alikofundisha Kandinsky. Mwaka 1908 wakaenda pamoja Murnau, mji mdogo wa Bavaria karibu na milima ya Alps, na hapo mkono wake ukafunguka. Aliachana na vivuli na madoido. Akapaka rangi bapa, kali, akizizungushia mstari mweusi, kama walivyofanya mafundi wa huko waliochora watakatifu nyuma ya vioo. Ukitazama barabara na vilima vyake vya miaka ile, hakuna doa la kubahatisha. Mwaka 1909 akanunua nyumba hapohapo.

Vita vya 1914 vikamrudisha Kandinsky Urusi. Walionana mara ya mwisho Stockholm mwaka 1916. Mwaka uliofuata akaoa mwingine.

Kisha wakaja Wanazi. Mwaka 1937 walitundika sanaa ya kisasa mjini Munich ili watu waizomee, wakaiita potovu. Münter, nyumbani kwake Murnau, alikuwa na shehena ya picha za Kandinsky na wenzao wa Blaue Reiter, kundi la wachoraji wa kisasa la Munich. Akazificha kwenye stoo ya chini ya nyumba, akanyamaza mpaka Vita vya Pili vya Dunia vikaisha. Alipotimiza miaka 80, mwaka 1957, akaikabidhi Munich, kwenye jumba la sanaa la Lenbachhaus, kazi zaidi ya 1,000, zikiwemo zake mwenyewe.

Wapo wanaosema ni mapenzi yaliyogoma kufa. Mimi naona tunamdhulumu tukisema hivyo. Picha zile zilipochorwa alikuwepo, brashi mkononi, akikabiliana na kilima kilekile na anga ileile. Thamani ya picha hizo aliijua kabla majumba ya sanaa hayajaijua.

Alifariki mwaka 1962 katika nyumba ile ya Murnau. Ngazi ambayo Kandinsky aliipamba kwa maua na wapanda farasi ipo hadi leo, na samani alizozipaka rangi Münter mwenyewe zipo pia.