Baridi ya Dar iko ofisini

Jumanne iliyopita, mvua ikinyesha, nilifika kazini kwa baiskeli saa mbili kasorobo, robo saa kabla ya muda, nikichuruzika kama kuku aliyetolewa kwenye pipa. Dada wa utawala akanipima kuanzia yeboyebo mpaka utosini, akatazama vigae vyake, akasema, "Kaka, hii sasa imezidi. Kwani wewe huwezi kupanda gari kama wenzako?"

Wenzangu hao wa magari walianza kuingia saa tatu na nusu. Wa mwisho kaingia saa nne na dakika ishirini, mkavu, ananukia, funguo zinaning'inia kidoleni. Dada yule yule akainuka kabisa kwenye kiti: "Jamani poleni na foleni! Mmeshakunywa chai?" Ndipo nikaelewa sheria za mji huu. Kuchelewa kwa foleni ya mvua ni msiba, mtu anapewa pole. Kuwahi ukiwa umelowa ni utovu wa adabu.

Nimekaa na hili siku tano sasa, halijashuka, ndiyo maana naandika.

Niseme mapema nisije nikapewa sifa zisizo zangu: siendeshi baiskeli kuokoa dunia. Naendesha kwa sababu ya kituo cha Mwendokasi cha Manzese saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyewahi kusimama pale akaona mabasi matatu yanapita yameshiba, la nne likafungua mlango akashuka mtu mmoja wakapanda kumi na tano, huyo tumeshaelewana. Kutoka kwetu mpaka Posta ni kama kilomita nane. Kwa Phoenix yangu ni dakika thelathini na tano kukiwa kukavu, arobaini na tano kukinyesha. Foleni hainihusu.

Swali ninaloulizwa kila masika ni moja: "Baridi huisikii?" Ndugu zangu wa Njombe na Makambako mtusamehe, maana sisi watu wa Pwani Julai kipupwe kikipuliza tunavaa masweta kwa nyuzi ishirini na tunapiga chafya kwa sauti. Ila baridi hiyo barabarani haipo. Mvua ya Aprili ni ya vuguvugu. Ukikanyaga pedeli kutoka Manzese, ukipita vituo vya Argentina na Kagera, ukifika Magomeni Mapipa mwili umechemka na ile mvua unaiona neema. Kuna asubuhi nimeimba. Sauti yangu mbaya, lakini kwenye mvua nani anasikia?

Baridi inakusubiri ofisini. Pale kwetu kiyoyozi kinakaa nyuzi kumi na saba mwaka mzima, kwa amri ya mtu mmoja anayevaa suti na hajawahi kuona jasho lake mwenyewe. Ukae chini yake na shati bichi dakika kumi tu. Mnakumbuka mtungi wa bibi? Maji yanapenya udongo kidogo kidogo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto, ya ndani yanabaki baridi. Basi mimi ndiye mtungi. Mafua yote niliyopata miaka minne hii nimeyapatia kwenye kiti cha ofisi, si kwenye tandiko la baiskeli.

Halafu wataalamu wa kushauri. "Nunua koti la mvua." Nilinunua, la nailoni zito, lina kofia na mfuko wa simu. Wiki moja tu. Ukilivaa ukapiga pedeli, kufika kituo cha Usalama umeshajipika ndani kama ndizi kwenye jani, unafika umelowa vile vile, tofauti ni kwamba sasa umelowa jasho. Kofia nayo inakuziba masikio, husikii bodaboda anayekuja kwa upande usiokuwa wake. Lile koti nilimpa shemeji wa Mbagala, analitumia kufunikia kuni.

Ninachofanya ni kukubali kulowa. Bukta, jezi kuukuu, yeboyebo. Nguo za kazi zinakaa kwenye begi, zimefungwa. Na hapa niwaambie jambo litakalowachukiza wapenda mazingira: nimeikumbuka mifuko ya rambo, ile ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 ilipopigwa marufuku nilipiga makofi kama wengine, mitaro yetu ilikuwa imeziba, sina ubishi. Lakini hakuna kitu kilichowahi kutunza shati kavu kama rambo mbili, moja ndani ya nyingine, fundo juu. Vile vimifuko vya kitambaa tulivyopewa badala yake vinapitisha maji kama chujio la tui. Siku hizi natumia kiroba cha unga, kile chenye nailoni ndani, nimekiosha mara tatu. Bado kuna siku suruali nyeusi inatoka na vumbi jeupe mfukoni, na watu wanadhani nimetoka kukanda chapati.

Breki nazo. Ringi ikilowa, raba zinateleza kwanza ndipo zishike, kwa hiyo gusa mapema, kidogo kidogo, usingoje mpaka umeona matako ya daladala. Mistari ya pundamilia na mifuniko ya chuma ivuke ukiwa umenyooka. Mvua ile ya mwanzo, dakika kumi za kwanza baada ya siku nyingi za jua, ndiyo mbaya kuliko zote, maana oili yote iliyodondoka barabarani inaelea juu. Cheni ifute jioni hiyo hiyo. Fundi wangu wa Manzese, yule anayekaa chini ya mwarobaini, ana kauli yake: "Mwanangu, maji hayajawahi kuua cheni. Mchanga ndio unaua." Basi usiipakie oili chafu ya gari, inaukusanya mchanga wote wa barabara ya Morogoro. Mimi natia mafuta ya cherehani, matone machache, nafuta yanayobaki.

Yote hayo ni mepesi. Kizito ni maji yenyewe. Si ya juu, ya chini.

Mnajua wenyewe kinachofanyika mvua kubwa ikianza usiku. Watu wanasubiri masika kama mkulima wa mpunga, kisha wanatapisha vyoo. Bomba linachomolewa, mtaro unapelekewa zawadi, asubuhi sisi tunakanyaga tope lenye rangi ambayo afadhali nisiieleze. Kisha linakuja V8, vioo vimepandishwa, spidi ile ile ya siku ya jua, linalichana dimbwi na kukumwagia kuanzia sikio mpaka soksi. Mvua ya Mungu haijawahi kunidhuru. Dimbwi la mwanadamu mwenzangu lilinilaza siku tatu na tumbo. Tangu siku hiyo nikirushiwa nafunga mdomo kwanza, matusi baadaye.

Na dimbwi usilolijua usiliingie. Mifuniko ya chemba iliyoondoka kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu haiachi taarifa. Mwaka juzi tairi langu la mbele lilizama mpaka kwenye ekseli karibu na kituo kimoja, mimi nikatangulia peke yangu. Mama muuza maandazi akanitoa, akanipangusa kwa kanga yake, akaniuliza kama sijavunjika, na nilipomjibu sijavunjika akasema, "Haya, baba, nunua basi mawili." Nikanunua manne.

Kuna njia ya baiskeli, mtasema. Ipo, pembeni ya barabara ya Mwendokasi, nzuri kwenye picha. Siku ya jua ni duka la viatu vya mtumba. Siku ya mvua wamachinga wanajibanza, na bodaboda wanaihamia yote kwa sababu barabarani kumejaa. Mmoja alinipigia honi nimpishe. Kwenye njia ya baiskeli. Nikampisha, maana nina watoto.

Sawa, sasa nikubali, kwa shingo upande. Kuna siku baiskeli inashindwa, na siku hizo zina jina: Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika pale, barabara ya Morogoro inafungwa, na hakuna ujanja. Nimeona vijana wanajitwika baiskeli begani wanavuka maji ya kiunoni huku wanashangiliwa. Mimi simo. Yale maji yanakwenda kasi kuliko yanavyoonekana, na waliokuwa hapa kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kusimuliwa. Wenzetu wengi wa bonde lile walihamishiwa Mabwepande baada ya pale. Jangwani ikijaa nageuza Magomeni, nakwenda kwa Kinondoni, natokea Moroko, nalipita Daraja la Salenda naingia Upanga. Ni mzunguko mrefu. Ikishindikana hata huko, napiga simu nasema ukweli: nimekwama kama mwenye gari. Hapo ghafla napewa pole! Nimeingia kwenye jamii ya wastaarabu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Si vigae vya dada. Hata mimi nisingependa kupiga deki mara mbili. Kinachoniuma ni kwamba kwenye mji huu baiskeli ni alama ya kwamba umeshindwa. Mwenye gari akilowa kati ya maegesho na mlango anakimbiliwa na mwavuli. Mlinzi wetu kapewa mwavuli mkubwa wa rangi mbili kwa kazi hiyo moja. Mimi nikifika, maelekezo yake ni kwamba baiskeli isikae chini ya paa, inaharibu mandhari. Kwa hiyo magari, yenye paa lake yenyewe, yanakaa chini ya paa. Tandiko langu la sponji linakaa juani na mvuani. Jioni nalikamua kama tambara la deki ndipo nikalie.

Wiki hiyo hiyo nilimwona mtu wa baiskeli karibu na kituo cha Fire. Kapakia magunia matatu ya mkaa kwenye keria, kayafunika na turubai, kayafunga kamba za mpira kwa utulivu kama anayemvalisha mtoto siku ya Idi. Yeye mwenyewe hana hata kofia. Mvua inampiga, maji meusi yanamshuka miguuni, anasukuma kwa sababu kilima kile na mzigo ule huwezi kukanyaga. Magari yanampigia honi. Nikajiuliza ni nani kwenye foleni yote ile ameleta kitu ambacho jiji litakitumia jioni hiyo. Chai ya dada wetu inachemkia gesi, sawa. Lakini chipsi zake za mchana? Kuku wake? Hata madafu anayoagiza Ijumaa eti kwa ajili ya ngozi, yameletwa na baiskeli. Baiskeli ndiyo inayoulisha mji huu, halafu mwenye baiskeli anatazamwa kama amepotea njia.

Na ninachoomba ni kidogo mpaka naona aibu kukiandika. Bomba moja la maji nyuma ya jengo, nioshe miguu. Kachumba chenye mlango unaofunga, hata stoo ya mafagio, dakika tano nibadilishe nguo. Msumari mmoja ukutani nitundike bukta ikauke mpaka saa kumi na moja, maana kuvaa jioni nguo mbichi iliyokunjwa kutwa nzima ndani ya kiroba cha unga ni adhabu ambayo hata adui sijamwombea. Basi. Tumefunga mashine ya kahawa inayosaga yenyewe, inayosema asante kwa Kitaliano. Msumari umeshindikana. Nilipouliza, nikaambiwa nipeleke maombi kwa maandishi. Nimepeleka. Yako kwenye faili.

Kwa sasa nabadilishia chooni, mguu mmoja juu ya yeboyebo, mwingine hewani, mkono umeshika mlango usiofunga. Mtu akigonga najibu "kuna mtu" kwa sauti ya kazini kabisa.

Jana lakini mlinzi aliniita. Mzee wa makamo, anatoka Chanika, anaamka saa tisa usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo uone."

Nikainama kuingia kwenye kibanda chake cha getini. Ukutani, juu ya redio, kapigilia msumari wa inchi nne, mpya, bado unang'aa. "Huo wako," akasema. "Usiwaambie."

Leo imenyesha tangu alfajiri. Nimepita na baiskeli pembeni, nimekamua bukta, nimeingia kibandani na furaha zangu, nikakuta kwenye msumari wangu kuna koti lake la sare, linachuruzika mpaka chini, na yeye kasimama mlangoni na fulana tu, kashika ule mwavuli wa rangi mbili, anasubiri gari la bosi. Nikamwuliza nitundike wapi. Akatazama huku na huku, akanipa nyundo.