Kuiuliza Hifadhidata kwa Lugha ya Kawaida: Nani Aamue Tugawanye kwa Idadi Ipi?

Mganga mkuu wa wilaya akiandika, "Robo hii tumefikia asilimia ngapi ya Penta 3?", yaani dozi ya tatu ya chanjo ya watoto ya pentavalenti, programu ya akili mnemba ina njia mbili za kumjibu. Inaweza kuandika papo hapo msimbo wa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, na kuchimba majedwali yenyewe. Au inaweza kuchagua moduli iliyokwisha kuandikwa na kukaguliwa na watu, ikajaza jina la wilaya na kipindi, hesabu ikafanywa na moduli. Njia ya pili ilirahisishwa Juni 2023, kampuni ya OpenAI ilipoziwezesha modeli zake za lugha kuita funksheni za nje, yaani vipande vya programu kama moduli hizo. Hata hivyo wapo wanaoiona ya kizamani: modeli inaijua SQL, ya nini kuifunga kamba?

Hoja yao ina uzito. Moduli hujibu maswali yaliyotarajiwa tu. Mafuriko yakikata barabara, na mtu akataka kulinganisha kata zilizofikika na zisizofikika, huenda moduli ya hilo haipo. Kumwambia asubiri fundi aiandike ni kumrudisha kulekule alikokuwa kabla ya teknolojia hii.

Lakini shida kubwa haiko kwenye kuijua SQL. Mwaka 2023 watafiti walitoa kipimo cha kugeuza maswali kuwa SQL kiitwacho BIRD, chenye maswali zaidi ya 12,000 juu ya hifadhidata 95. Watu walipatia asilimia 92.96. GPT-4, modeli ya OpenAI, bila maelezo ya ziada ilipata 34.88; ilipopewa maelezo ya maana ya data, ikafika 54.89. Modeli za sasa zimepanda juu zaidi, ila mimi nabaki na ile tofauti ya pointi 20. Modeli ni ileile na maswali ni yaleyale. Kilichoongezeka ni ujuzi ambao haumo kwenye majedwali: safu hii ina maana gani, nani ahesabiwe, nani aachwe. Ujuzi huo umo vichwani mwa watu wa takwimu, na moduli ni mahali pa kuuandika ukabaki.

Turudi kwenye Penta 3. Idadi ya waliochanjwa tunaigawanya kwa idadi ipi? Watoto wote waliozaliwa? Wale wanaokadiriwa kuwa hai hadi kutimiza mwaka? Au waliopata Penta 1, ambao hutuonyesha walioacha njiani, si kiwango cha chanjo? Misimbo yote mitatu itakwenda bila kulalamika. Jibu likiwa asilimia 112 kila mtu atashtuka, na atajua makadirio ya watu yana kasoro au watoto wametoka wilaya jirani. Likiwa 91 badala ya 84, nani atashtuka? Litaingia kwenye ripoti, na watoto wasiochanjwa watabaki hawatafutwi.

Ndiyo maana DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Kenya na Tanzania, huhifadhi kila kiashiria pamoja na fomula yake, kinachogawanywa na kinachogawanya. Modeli ikiita fomula hiyo, wilaya mbili zikiuliza swali moja zinapimwa kwa kipimo kimoja.

Ni kweli kwamba kosa ndani ya moduli huenea kote. Ila linajulikana lilipo, na likirekebishwa mara moja limerekebishwa kwa wote. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Makadirio ya watoto yanayotokana na sensa yakibadilika kiasi hicho, afadhali kurekebisha mahali pamoja kuliko kuomba kila msimbo unaozaliwa leo ukumbuke sensa mpya.

Njia huru, ya modeli kuandika SQL yenyewe, isifungwe. Wachambuzi waachiwe, mradi jibu lije na SQL yake na alama kwamba halijakaguliwa. Swali likianza kurudiwa, mtakwimu alipitie na kuligeuza kuwa moduli, yenye maelezo ya Kiswahili ya kile inachohesabu na kile isichohesabu.