Ruhusa ya kumwoza binti wa miaka 15 ilikwisha muda

Mpwa wangu ana miaka 15. Yuko kidato cha pili, na bado anabishana na mama yake juu ya zamu ya kuosha vyombo. Kila nikimtazama nakumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamhesabu kuwa ameshafika umri wa kuolewa. Mvulana yeye ataoa akifika 18. Kifungu cha 17 kinaweka ridhaa ya ndoa ya binti huyo mikononi mwa baba.

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama ikatamka kuwa vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja iweke 18 kwa wote, wa kike na wa kiume. Serikali ikakata rufaa.

Hoja za rufaa ile zinaniuma mpaka leo. Ilidaiwa kwamba wasichana hupevuka mapema kuliko wavulana, na kwamba ndoa humkinga binti aliyepata mimba nje ya ndoa. Kinga gani hiyo? Mtoto aliyepewa mimba anahitaji kulindwa dhidi ya aliyempa, naye anakabidhiwa kwake kwa mahari! Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019.

Hata ukianza kuhesabu upya kuanzia siku hiyo, mwaka mmoja uliisha Oktoba 2020. Bunge halikuwa limebadili kitu. Miaka iliyofuata tukawa tunaambiwa kwamba maoni ya wadau bado yanakusanywa. Maoni ya nini, wakati mahakama ya juu kabisa nchini imekwishaamua?

Wengi wanadhani kifungu kitaendelea kuishi mpaka Bunge likifute. Someni ibara ya 30(5) ya Katiba. Mahakama ikitoa muda wa marekebisho, sheria inahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au muda huo uishe, na kinachozingatiwa ni muda ulio mfupi zaidi. Muda umeisha. Kwa ninavyoisoma Katiba, msajili, sheikh au mchungaji anayefungisha ndoa ya binti wa miaka 15 kwa sababu "sheria inaruhusu" anategemea ruhusa ambayo haipo tena.

Na hilo lina uzito mkubwa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 130 kinasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, akiridhia asiridhie, isipokuwa awe mke wa mtu huyo, amefika miaka 15 na hawajatengana. Neno "mke" ndilo linalomwokoa mwanamume. Ndoa isipokuwa halali, ataliegemeaje?

Mpwa wangu angalau ana sare ya shule. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Ninayemhofia ni yule aliyemaliza darasa la saba, hakuendelea, yuko nyumbani anasaidia shamba, na wajumbe wa posa wameanza kupita kwa baba yake. Huyo hana sare. Hukumu hii ndiyo ngao yake, na huenda kijijini kwao hakuna aliyewahi kumsomea.