Sikukimbizwa na panya, jamani

Kwanza nisahihishe. Huyo Mkenya wetu aliyetupia klipu kwenye grupu kwamba nimekimbizwa na panya ni mwongo. Mimi ndiye niliyemkimbiza.

Mnajua niko Svalbard, visiwa vya Norwe huko karibu na Ncha ya Kaskazini, na wenzangu wa chuo. Juni yote jua halizami, saa nane usiku kweupe pee. Kazi yetu ni kumchungulia ndege wa majimaji, Wanorwe wanamwita fjæreplytt: wa kijivu, mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko njiwa. Tumeona madume wakipaa, wanatetemesha mbawa na kuimba kutafuta wachumba. (Akina kaka, huku baba ndiye anayelalia mayai zaidi. Mimi simo.)

Basi juzi bonde la Adventdalen, nanyata kutafuta kiota. Mara miguuni pangu, fyuu! Kitu cha kijivu, kimejifutua, kimeinama, kinakimbia huku kinalia cwii cwii. Mtoto wa Manzese mimi, panya namjua hata gizani. Nikawaza: huyu anafuata mayai!

"Panyaaa! Panya huyo!"

Nikavua kofia, nikarusha. Nikakosa. Akakata kushoto, nami kushoto. Akapunguza mwendo. Wadau, alikuwa ananisubiri! Nikainua buti nimkanyage, buti la pili likanasa topeni. Nikabaki na mguu mmoja hewani kama korongo. Panya akageuka, akanitazama.

Akafungua mbawa. Akapaa.

Ndipo nikaanguka kifudifudi.

Kumbe huko nyuma mlinzi wetu wa kutukinga na dubu, ambaye Kiswahili hajui hata "jambo", alishashika bunduki. Kasikia mayowe, kaona mtu anatimua mbio. Kwake yeye hiyo ni dubu tu. Wenzangu wamelala chini wote. Mlinzi anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Na yule Mkenya, badala ya kunisitiri, akamtafsiria.

Fjæreplytt ndivyo anavyolinda kiota: anajifanya panya ili mbweha amfuate yeye, mayai yapone. Kwa hiyo mbweha mwenyewe nilikuwa mimi. Na kiota? Pale pale nilipoanzia mbio, mayai 4, nusura niyakanyage nikienda kuyaokoa. Tukaandika tulichoandika, tukaondoka upesi, baba akarudi kulalia.

Buti limepatikana. Kofia sikuifuata.

Leo asubuhi mlinzi kanikuta jikoni nanywa chai, kanitolea neno lake la kwanza la Kiswahili. Sitawaambia ni lipi.